Kisa cha "Fundi Faiba 400%": ujuzi ambao haukuandikwa kwenye risosi jeneriki

Hiki ni kisa cha mkandarasi mmoja wa faiba (kebo za mawasiliano zinazopitisha mwanga), Tanzania bara. Jina la kampuni, mkoa, mteja na watu nimeyatoa, na namba chache nimezisogeza ili asitambulike mtu, ila mtiririko ni uleule. Nawaandikia planna (wapangaji wa ratiba) na mameneja miradi wanaoweka risosi jeneriki, yaani nafasi ya kazi ambayo bado haina jina la mtu, kwenye programu ya kupangia miradi kisha wanajaza safu ya ujuzi harakaharaka ili tu isibaki wazi. Mimi naamini hiyo safu ndiyo inayoamua kama mpango wako utafika saiti ukiwa mzima au la.

Mazingira

Kampuni ilipata kazi ya kulaza faiba kandokando ya barabara kuu, zaidi ya kilomita mia moja, imegawanywa vipande vinne. Wanaoijua kazi hii wanaijua: unachimba mtaro, unalaza dakti (bomba la kupitishia kebo), unajenga handholi (shimo la kuifikia kebo), unapuliza kebo ndani ya dakti, unasplaisi (unaunganisha nyuzi) kwenye kila jointi, unapima, unakabidhi. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na lami haikatwi hovyo, kwa hiyo kwenye makutano unatoboa chini kwa mtambo. Walianza kiangazi, na hesabu ilikuwa mvua zikianza zikute handholi zote zimeshafunikwa.

Mipango ilikuwa kwenye Microsoft Project, programu ya kupangia miradi, iliyounganishwa na Project Server, maana yake wafanyakazi wote wa kampuni wako kwenye orodha kuu moja na kila mradi unachota humo. Wakati wa tenda hakuna anayejua nani ataenda kipande gani, lakini mteja anataka ratiba ya kazi yenye risosi ndani, sio tarehe tupu. Hapo ndipo risosi jeneriki inapoingia. Unafungua risosi mpya, unaipa jina la kazi badala ya jina la mtu, unatia tiki kwenye Generic, inapata kile kialama cha vichwa viwili pembeni, unaipangia kazi kama unavyompangia mtu yeyote. Baadaye ukishapata watu unaitoa unamweka mtu.

Planna wao aliweka jeneriki nne: Fundi Faiba, Opereta wa Mtambo, Supavaiza na Kibarua. Fundi Faiba akampa 400%, yaani watu wanne wa muda wote. Safu ya Ujuzi ilikuwepo, na kwa upande wa mfumo ilikuwa imetengenezwa vizuri kabisa: ina orodha ya kuchagulia kwa hiyo hakuna mtu wa kuandika "splicing" mwingine "splaisi", na imetiwa tiki ya kutumika kulinganisha jeneriki na watu. Hivyo programu haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa kwenye maneno yaliyokuwa ndani ya ile orodha: Faiba, Mitambo, Umeme, Udereva, Ofisi. Matano tu, na kila mfanyakazi alipewa moja, HR akiwa amelichukua kwenye CV ya siku mtu anaajiriwa, na kwa wengine hiyo siku ni ya miaka mingi nyuma.

Mambo yalivyokwenda

Mradi ukasainiwa, ukafika muda wa kuweka watu. Planna akafungua dirisha la Build Team, akachagua Fundi Faiba, akabonyeza Match. Yakaja majina zaidi ya ishirini. Ofisini watu wakafurahi, na mimi nawaelewa, ukiona mafundi ishirini na unahitaji wanne unajiona umetulia. Wakachagua kwa kuangalia nani yuko huru tarehe hizo.

Kikwazo cha kwanza kikatokea hapohapo kwenye kompyuta. Alipobonyeza Replace kumweka mtu mmoja mahali pa Fundi Faiba, kazi zote za ile jeneriki zikahamia kwa huyo mtu, 400% nzima, jina likawa jekundu, alama ya kuzidiwa na kazi, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho. Project haijui kwamba wewe kichwani mwako ulimaanisha watu wanne, yenyewe inaona risosi moja imebadilishwa na risosi nyingine. Ikabidi azigawe kazi kwa mkono, moja moja, usiku, kazi mia na kitu, na katika kugawa huko alikuwa anatazama nafasi tu, hakuna mahali popote kwenye faili panapomwambia kazi hii ya kusplaisi sio sawa na ile.

Kipande cha kwanza kikaenda vizuri, kebo yake ilikuwa ya kawaida. Kipande cha pili kebo ilikuwa ya riboni, nyuzi 96. Hii ilikuwepo kwenye BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya mkataba) tangu mwanzo, mteja hakubadilisha kitu. Kwenye riboni nyuzi zimeunganishwa bapa 12 kwa 12, kwa hiyo kebo ya 96 ina riboni nane, na hausplaisi uzi mmoja mmoja, unasplaisi 12 kwa mpigo kwa mashine yake maalum, na kuchuna kwenyewe kunatumia kifaa chenye joto, na ukikata vibaya umeharibu nyuzi 12 sio moja. Fundi wa miaka kumi wa kebo ya kawaida ukimpa riboni siku ya kwanza anaanza upya. Sio kwamba hajui kazi, ni kazi nyingine.

Waliopangwa kipande cha pili walikuwa mafundi wawili wazuri sana wa kebo ya kawaida. Wakajaribu jointi ya kwanza, wakairudia, wakairudia tena, kisha supavaiza akaisimamisha. Kumbe kampuni nzima, waliokuwa wanajulikana kuiweza riboni ni wawili. Mmoja alikuwa kipande cha tatu anafanya kebo ya kawaida ambayo yeyote angeweza. Wa pili alikuwa ndiye pekee ambaye mteja amemkubali kwa upimaji wa OTDR (kifaa cha kupima faiba kwa mwanga), na alikuwa kipande cha kwanza anapima.

Hapo timu ya kuchimba inasonga mbele kila siku kwa sababu vibarua wapo na mtambo upo, dakti inalala, kebo inapulizwa, na nyuma inabaki foleni ya handholi zimeachwa na kebo imeviringishwa ndani, kloja (kasha za kufunikia jointi) hazijafungwa, vumbi linaingia, na mlinzi analipwa kulinda shimo. Kwenye chati ya Project asilimia za kazi zilikuwa zinapanda vizuri kwa sababu mita za mtaro ni nyingi. Jointi ni mstari mmoja mdogo tu.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulitoka ofisini: tatizo ni ujuzi haujaandikwa, basi tuandike wote. HR wakaleta safu mpya zaidi ya kumi. Elimu, miaka ya uzoefu, lugha, kompyuta, uongozi, cheti hiki na kile, na kila safu ikatiwa tiki ya kulinganishia. Wakaijaza jeneriki yote hayo kwa nia njema ya kumpata mtu aliyekamilika. Wakabonyeza Match, dirisha likarudi tupu. Halafu wakaanza kutoa sharti moja moja mpaka majina yakatokea, na waliotokea ni wale ambao taarifa zao HR walizijaza kwa ukamilifu, yaani watu wa ofisini.

Mimi niliitwa karibu na hapo. Pendekezo langu lilikuwa tuache kuuliza mtu wetu anajua nini, tuulize kazi gani inasimama asipokuwepo mwenye kitu fulani. Unachukua mstari wa kazi kwenye mpango, unamsomea foremani, unamuuliza: nikikuletea mtu mzuri, mchapakazi, ila hana kitu kimoja, kitu gani hicho kitakufanya umrudishe? Akijibu "hapana, huyo tutamfundisha palepale," basi huo ujuzi hauandikwi. Akijibu "huyo mrudishe na gari lililomleta," huo unaandikwa.

Tulikaa na maforemani wa vipande vyote, mstari kwa mstari. Kazi ya kuchimba haikutoa ujuzi wowote. Kulaza dakti hakuna. Kupuliza kebo kulikuwa na ubishi mrefu kati ya maforemani wawili, mmoja anasema mtu wa kompresa anafundishika kwa siku moja, mwenzake anasema aliwahi kuona kebo imevunjwa na presha, mwisho wakakubaliana ni ujuzi. Kusplaisi kukagawanyika kuwa viwili, kebo ya kawaida na riboni. Kupima kwa OTDR kukawa kitu chake. Kutoboa chini ya barabara, chake. Kuendesha lori lenye kreni, chake. Jumla tukabaki na sita. Sita tu, kutoka kwenye ile orodha ndefu ya HR.

Hapo kwenye OTDR nitulie kidogo maana ndipo wengi wanapoona ni kitu kidogo. Kubonyeza kile kifaa mtu anajifunza mchana mmoja. Lakini OTDR inapima mwanga unaorudi, na nyuzi mbili zilizounganishwa zikiwa hazifanani kabisa, jointi ikipimwa kutoka upande mmoja inaweza kuonekana ina upotevu mkubwa, na kutoka upande wa pili ikaonekana eti imeongeza mwanga, kitu ambacho hakiwezekani. Ndiyo maana inapimwa pande zote mbili na kuchukuliwa wastani, kwa mawimbi ya mwanga ya nanomita 1310 na 1550, na 1550 ndiyo inayokuonyesha vizuri kebo iliyokunjwa vibaya ndani ya kloja. Asiyejua hayo anafungua jointi nzima ambayo haina tatizo, au anaiacha mbovu. Foremani wa kipande cha kwanza alisema neno moja tu, huyo mrudishe. Ukaandikwa.

Uamuzi uliofuata ni jeneriki kuzivunja. Fundi Faiba akafutwa. Wakaja Splaisa Kawaida, Splaisa Riboni, Mpimaji OTDR, na wengine. Kila jeneriki ujuzi mmoja. Kulikuwa na hoja ya kuziunganisha, kwamba tunaweza kupata mtu anayesplaisi riboni na kupima, tuweke jeneriki moja yenye vyote viwili tuokoe posho. Tulikataa, kwa sababu ukiandika hivyo umeshamtaja mtu mmoja duniani bila kuandika jina lake, na huyo mtu ndiye yule aliyekwama kipande cha kwanza. Kwa upande wa watu ni tofauti, mtu anaweza kuwa na ujuzi zaidi ya mmoja, kwa hiyo ilitengenezwa safu mpya inayoruhusu kuchagua zaidi ya kimoja, na fundi anayesplaisi na pia kuendesha lori akawa anatokea kote kuwili.

Cha tatu, na kwangu ndicho kilichobeba uzito wote: zile asilimia. Fundi Faiba alikuwa na 400% kwa sababu planna alihesabu kazi zinahitaji watu wanne akaandika 400. Yaani uwezo aliutoa kwenye mahitaji. Ukifanya hivyo jeneriki haiwezi kuwa nyekundu hata siku moja, umeshaiambia programu kwamba watu wapo kadiri unavyowataka. Tukabadilisha: Splaisa Riboni akapewa 200% kwa kuwa kampuni ina watu wawili, kwisha. Planna akafungua Resource Usage, ukurasa unaoonyesha kila risosi imebeba kazi kiasi gani, akapanga kwa Ujuzi, na wekundu ukatokea wiki ambazo kipande cha pili na cha nne zinagongana, wiki zaidi ya tano mfululizo. Hakuna mtu aliyekuwa amewekwa bado, ni jeneriki tupu, na tayari shida imeonekana ikiwa na tarehe zake.

Na ili Replace isilete tena ile ya mtu mmoja kubeba wanne, wakawekeana utaratibu: mbali huko mbele jeneriki inakaa moja kwa kila ujuzi, ikiwa na idadi halisi ya watu. Ikibaki kama wiki sita kazi ianze, inagawanywa kuwa viti, Splaisa Riboni 1 na Splaisa Riboni 2, kila kimoja 100%, kisha mtu mmoja anakaa kiti kimoja.

Upande wa watu, HR hawakuachiwa wajaze peke yao. Mtu anapata ujuzi kwenye mfumo pale foremani aliyemwona akifanya anaposaini. Hapa ndipo alipopatikana dada mmoja wa stoo. Kwenye mfumo alikuwa "Ofisi". Foremani mmoja akasema jamani huyu mnayempa kuhesabu madrum ya kebo, kwa mwajiri wake wa zamani alikuwa anasplaisi riboni, nimefanya naye kazi. Akapelekwa saiti, akapewa jointi moja ya majaribio, ikapimwa, ikapita. Wakawa watatu.

Matokeo

Splaisa wa riboni wa kipande cha tatu alihamishiwa cha pili siku mbili baadaye na nafasi yake akawekwa fundi wa kebo ya kawaida. Dada wa stoo akaungana naye. Kazi ya riboni ya kipande cha nne ikaahirishwa wiki tatu kwa makusudi ili isigongane, na mteja akaandikiwa mapema badala ya kuambiwa siku ya dedlaini. Pia akakodiwa fundi mmoja wa nje kwa muda mfupi, kwa bei ambayo haikuwa kwenye bajeti, kwa sababu bei ya Fundi Faiba kwenye faili la tenda ilikuwa wastani wa mafundi wote.

Mradi ulimalizika na kuchelewa, kama mwezi mmoja na nusu. Kampuni ililipa sehemu ya faini. Mvua ilikuta handholi chache za kipande cha nne bado wazi na zikajaa maji, zikanyonywa kwa pampu. Vipimo vyote vilikubaliwa, ingawa jointi kadhaa za mwanzo za kipande cha pili zilifunguliwa zikarudiwa zote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni lile swali la foremani. Ujuzi kwenye risosi jeneriki ni swali unaloiuliza orodha yako ya watu, na swali likiwa pana unapata majibu ishirini yasiyo na maana, likiwa na masharti kumi unapata sifuri. Ni kama kusema unatafuta daktari bila kusema wa meno au wa mifupa. "Faiba" ilikuwa pana. Orodha ya HR ilikuwa nyembamba kwa vitu ambavyo havisimamishi kazi. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, kwamba aliyeandika hakuwa na kazi yenyewe mbele yake.

Kingine ni kupunguza. Planna wengi niliokutana nao wanaamini ujuzi mwingi ndio mpango makini. Mimi naona kila ujuzi unaouongeza lazima mtu aulinde, ahakikishe nani anao na nani ameupoteza, na ukishazidi uwezo wa watu wako kuulinda unageuka uongo ndani ya mfumo. Sita zinalindika. Wanaotumia Primavera P6, programu nyingine ya kupangia miradi, watasema kule role (nafasi za kazi) zina pia ngazi za umahiri, ni tano, na ni kweli, ila ngazi nayo inamtaka mtu wa kuithibitisha. Hawa tuliwashauri waache ngazi kwanza, na pale ngazi inapobadilisha kazi kabisa, kama riboni, waifanye ujuzi unaojitegemea.

Ambacho hakikufaulu ni OTDR. Tuliiweka kama ujuzi, Match ikaleta watu watatu, wote wanaoweza kweli. Lakini mteja alikuwa amemkubali mmoja kwa jina, na kupata idhini ya mwingine kulichukua muda ambao mradi haukuwa nao. Idhini ya mteja ni mali ya mradi huu tu, na safu ya Ujuzi ni ya kampuni nzima, ukiichanganya humo mradi ujao utadanganyika. Kwa hali hiyo jeneriki haifai kabisa. Kama mtu ni mmoja na mkataba unamtaja, weka jina lake tangu siku ya kwanza ya mpango, uone anavyobanwa, na uanze kumwombea mwenzake idhini mapema.

Kingine kilichobaki kibovu ni tarehe. Leseni ya dereva wa lori lenye kreni iliisha katikati ya mradi, na Match ikaendelea kumleta kwa sababu inalinganisha maneno tu, haijui kuisha. Waliongeza safu ya tarehe ya mwisho ambayo planna anaichuja mwenyewe kabla ya kumweka mtu. Inafanya kazi pale anapokumbuka.

Na ipo ya posho. Ujuzi ulipoanza kusainiwa na maforemani, mafundi wakajua kwamba kuandikwa "Riboni" ni kupangiwa saiti na saiti ni posho, kwa hiyo presha ikahamia kwa foremani, na hao ni watu wanaoishi pamoja. Foremani mmoja alisainia mtu ambaye jointi zake zilikuwa hazipiti. Kampuni sasa inataka saini ya foremani iambatane na karatasi ya vipimo ya jointi aliyoifanya huyo fundi, pande zote mbili. Mafundi wa kebo ya kawaida watatu wako kwenye mafunzo ya riboni kwa mabaki ya kebo stooni, na ile 200% ya zamani imeshakuwa 300%, itapanda tena mmoja wao akileta karatasi yake.